Tangawizi ipi? Neno moja, mikono mingi sokoni Noonkopir

NA MWANDISHI WETU

KITENGELA, KAJIADO

Jumamosi moja jioni, mafua yamenishika na koo limekauka kama udongo wa kiangazi, nilimtuma mwanangu wa miaka tisa dukani. Sufuria ilikuwa tayari jikoni, maji yanatokota. Nikamtilia noti ya shilingi 50 mkononi: "Kimbia, niletee tangawizi."

Alirudi baada ya dakika kumi, anahema, amekumbatia chupa ya soda. Chupa ilikuwa ya kahawia, baridi, imetokwa jasho. Chenji hakuna.

"Baba, tangawizi ndiyo hii."

Nilitaka kumgombeza, nikakosa pa kuanzia. Neno lenyewe lilikuwa pale kwenye chupa, limeandikwa: Tangawizi. Mtoto alisema alichotumwa, mwenye duka akauza alichoombwa, nami niliagiza kwa Kiswahili kisicho na doa. Hakuna aliyekosea, lakini maji yaliendelea kutokota matupu na koo langu likalala linakwaruza.

Kesho yake nilishuka sokoni Noonkopir na daftari. Nilitaka kujua jambo moja tu: mtu wa Kitengela akisema tangawizi, huwa anamaanisha nini?

Hatua mia mbili, tangawizi saba

Noonkopir ni moyo wa Kitengela, kando ya barabara kuu ya kwenda Namanga. Kwa sensa ya mwaka 2019, mji huu ulikuwa na watu 154,436 katika kaunti yenye watu 1,117,840. Wamaasai wa Kaputiei ndio wenyeji. Wengine wetu tulifuata kazi za viwanda vya Athi River, ploti za bei nafuu na nauli ya kuingia Nairobi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na jinsi yake ya kupika chai.

Tangawizi ya kwanza niliikuta chini, juu ya gunia, imepangwa kwa mafungu karibu na vitunguu saumu. Mteja mzoefu haangalii ukubwa. Huchukua kipande, akavunja kidole kimoja cha pembeni, akasikiliza. Kikikatika kwa mlio, ni mbichi na ina maji. Kikipinda kama mpira, anakirudisha polepole na kujifanya anauliza bei ya nyanya. Muuzaji naye anajua mchezo huo. "Mama, hiyo umeshavunja, hiyo ni yako."

Ya pili ilikuwa kwenye mkokoteni wa juisi ya miwa. Kijana anakunja muwa, anauchomeka kwenye mashine pamoja na kipande cha tangawizi na nusu ya limau, kisha anazungusha gurudumu. Inayotoka ni kijani yenye povu.

Ya tatu ni ya kibandani, ndani ya chai ya maziwa. Hapo haionekani. Huisikia pale unapomeza, joto linaposhuka kifuani.

Ya nne ni ya unga, imefungwa kwenye vijikaratasi vya plastiki kwa muuza viungo. Ya tano iko kwenye sufuria ya supu ya mifupa, pale wanapochoma nyama. Ya sita ndiyo ile ya mwanangu, kwenye friji ya duka.

Ya saba ilinijia yenyewe. Mchuuzi alipita na ndoo ndogo: njugu karanga upande mmoja, vijiti vya mukombero upande wa pili. Mukombero ni mzizi wa mmea unaotambaa kwenye miti, unaojulikana sana Kakamega, na wataalamu huuita Mondia whitei. Hauna undugu wowote na tangawizi. Lakini fungua vitabu vya mimea vya Kiingereza, utakuta umepewa jina la tangawizi ya White. Yote miwili hutafunwa, huwasha ulimi, na husifiwa kwa wanaume kwa sauti ya chini.

> Neno limefuata ukali kooni. Mmea wenyewe limeuacha nyuma.

Hapo ndipo nilipoanza kuona picha. Tangawizi ya Noonkopir si jina la mmea tena. Ni jina la kile unachokisikia kooni. Kinachowasha kwa namna hiyo, au kinachodai kuwasha hivyo, hupewa jina hilo bila kuulizwa kimetoka shamba gani.

Safari ya jina

Mmea wenyewe kitaalamu ni Zingiber officinale, wa ukoo mmoja na iliki na manjano. Tunachokula tumezoea kukiita mzizi, lakini ni shina linalotambaa chini ya udongo. Ndiyo maana lina macho kama ya kiazi. Haupandwi kwa mbegu: mkulima hukata kipande chenye jicho, akakifukia.

Majina yake duniani yamegawanyika katika safari. Wasomi wa lugha hutaja neno la Kisanskriti lenye maana ya kitu chenye umbo la pembe, na nyuma yake maneno ya Kidravidi ya kusini mwa India: inji, yaani tangawizi, na ver, yaani mzizi. Wafanyabiashara walipovuka bahari, jina lilivuka nao. Wagiriki na Warumi walilipokea. Waarabu wakasema zanjabil, na neno hilo limo katika Qur'ani, sura ya 76, likitajwa kama kinywaji cha watu wa peponi. Wasomali husema sanjabiil, Waamhara zinjibil, Wafaransa gingembre, Waingereza ginger.

Kiswahili kilisema tangawizi, na neno hili likawa na safari yake. Ukienda Rwanda utalisikia kama lilivyo. Uganda ni entangawuuzi. Kinshasa, penye Kilingala, kinywaji cha tangawisi huuzwa barabarani kwa chupa. Hapa kwetu bara wengi hulitamka tangausi, na hakuna anayesahihishwa.

Pwani halijachoka. Muuza kahawa wa Mombasa hutembea na dele lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe, na anayetaka kahawa yenye tangawizi hupewa hiyo. Zanzibar utaipata barazani, pamoja na kashata.

Siku hizi Noonkopir kuna mshindani. Kwenye menyu zilizochapishwa za hoteli, neno la Kiswahili linapotea na la Kiingereza linaingia. Mhudumu naye hukuuliza: "Chai ya kawaida ama ya jinja?" Jinja, tunavyojua, ni mji wa Uganda penye mto Nile, na jina hilo kwa lugha za huko linatokana na jiwe. Na kuna sadfa hapo: Uingereza ya karne ya 19, kinywaji cha tangawizi kilichouzwa kwenye chupa za udongo mgumu kiliitwa tangawizi ya jiwe. Anayejua soda inayouzwa kwetu chini ya jina la Stoney anaweza kuunganisha mwenyewe.

Kutoka mkia wa farasi hadi bungeni

Kiingereza nacho kimelinyoosha neno hili kupita shamba. Uingereza, mtu mwenye nywele nyekundu huitwa kwa jina hilo, wakati mwingine kwa mapenzi na mara nyingi kwa dhihaka. Lakini maana iliyosafiri zaidi ilianzia mnadani.

Mfugaji wa Kajiado hatashangaa. Anayepeleka ng'ombe sokoni anajua kwamba mnyama aliyesimama wima, masikio juu, huuzwa ghali kuliko aliyeinamisha kichwa. Walanguzi wa farasi wa Uingereza walijua hivyo pia. Farasi mzee aliyechoka aliingizwa kipande cha tangawizi kilichomenywa chini ya mkia. Akaruka, akainua mkia, akaonekana kijana. Mnunuzi aligundua siku ya pili.

Kutokana na hila hiyo, kutia kitu tangawizi kukawa kukichangamsha. Mwaka 1924 kikundi cha wabunge wa Kanada waliojitenga na chama cha Progressive kiliitwa kikundi cha tangawizi, na tangu hapo jina hilo hupewa wanachama wanaowachochea wenzao kutoka ndani. Nigeria ikalichukua neno katika pijini yake, mtu akikutia moyo, amekutia tangawizi. Wimbo wa Wizkid na Burna Boy wenye jina la Ginger ulitoka mwaka 2020, na ulipigwa kwenye matatu za Kitengela bila abiria kujua kwamba habari ilianzia kwa farasi.

Kiswahili hakijafika huko. Kwetu mtu mchangamfu hasemwi kuwa ana tangawizi. Sisi tumebaki kinywani na kooni, na labda ndiyo sababu neno linatuchanganya zaidi: maana zake zote zinakaa kwenye rafu moja.

Haioti hapa

Hakuna tangawizi ya Noonkopir iliyoota Noonkopir. Mmea huu unataka mvua nyingi, milimita 1,500 kwa mwaka na zaidi, kivuli kidogo na udongo usiotuamisha maji. Nyika ya Kaputiei hupata milimita 500 hivi, na udongo wake mweusi hupasuka kiangazi na kunata masika. Tangawizi pia hukaa ardhini miezi minane hadi kumi kabla ya kukomaa. Ni mtu gani wa ploti ya kukodi angeingoja?

Kwa hiyo inakuja kwa lori. Nyingine ni ya Uganda, nyingine ya China, na nyingine hupanda barabara ileile inayokatiza mjini hapa, kutoka Namanga, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli mnamo Desemba 2018. Upande wa Tanzania, milima ya Same mkoani Kilimanjaro inajulikana kwa zao hili, hasa Mamba Miamba.

Wauzaji huzitofautisha kwa macho. Kubwa, nene na laini ya ngozi hupendwa na wanaotaka kumenya haraka. Ndogo, yenye mafundo na nyuzi, hupendwa na wapishi wanaotaka ukali. Mteja wa mara ya kwanza huchukua kubwa kwa sababu inajaza mkono. Mama wa kibanda huchukua ndogo, kwa sababu inajaza sufuria.

> Mteja mgeni huchukua inayojaza mkono. Mama wa kibanda huchukua inayojaza sufuria.

Wanaosema ni sawa, wanaosema si sawa

Kuhusu neno hili kuuacha mmea wake, kuna kambi mbili.

Ya kwanza inasema: acheni neno litembee. Lugha zote hukua hivyo. Kenya hii watu huenda dukani kuulizia Omo wakimaanisha sabuni yoyote ya unga, Kiwi wakimaanisha rangi yoyote ya viatu, na Blue Band wakimaanisha siagi yoyote ya kupaka mkate. Hakuna aliyekufa. Mwenye duka anamjua mteja wake, na mtoto akileta kisicho, atarudishwa. Kwa mwenye biashara, jina ni ladha: anayeagiza tangawizi anataka kuchomwa kooni kidogo, na akichomwa, ameuziwa.

Kambi ya pili inajibu kwamba mfano huo umepinduliwa. Kwa Omo na Kiwi, jina la kampuni lilishuka likawa jina la kitu. Kwa tangawizi, jina la kitu lilipanda likakaa kwenye lebo. Tofauti si ndogo. Ukiita sabuni yoyote Omo, anayepoteza ni mwenye Omo. Lakini jina la mmea likibandikwa kwenye kitu chochote chenye ladha yake, anayepoteza ni mnunuzi, kwa sababu anadhani analipia mmea.

Mimi niko kambi ya pili, ila si kwa hasira. Soda haijamdanganya mtu. Kila anayeifungua anajua ni soda. Tatizo huanza pale neno linapouzwa kama tiba.

Dawa moja, tafadhali

Ingia mgahawa wowote wa Nairobi uagize dawa. Mara nyingi utaletewa maji moto yenye tangawizi, limau na asali. Lakini katika mgahawa wa Carnivore, dawa ni kileo maarufu cha vodka, ndimu na asali, na tangawizi haimo. Jina moja, glasi mbili, na moja kati yake haikufai ukiwa na mafua na unaendesha gari.

Tulilipa neno tangawizi uzito wa kutisha mwaka 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19 tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi kwisha tangawizi, limau na kitunguu saumu vilikuwa vinagombaniwa sokoni na bei imeruka. Mwaka uliofuata, Machi 26, Rais Kenyatta alipofunga kaunti tano, Kajiado ikiwamo, nyumba nyingi za Kitengela zilikuwa na sufuria ya kujifukiza. Tangawizi ilituliza koo za wengi. Haikuzuia virusi, na waliochelewa kwenda hospitali kwa kuitegemea walilipia kuchelewa huko.

Sayansi inaipa tangawizi sifa yake, kwa kipimo. Ushahidi wa kuridhisha zaidi ni wa kutuliza kichefuchefu, hasa cha ujauzito wa mapema. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, anapaswa kumuuliza daktari kabla ya kuila kwa wingi.

Na hata hapo, lazima uulize tena: ipi? Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Ikikaushwa, sehemu ya kemikali hiyo hugeuka kuwa shogaoli, jina lililotokana na neno la Kijapani la tangawizi, na shogaoli ni kali zaidi. Ikipikwa, hutokea nyingine iliyo pole na tamu kidogo, zinjeroni. Ndiyo maana kijiko cha unga kinaweza kuchoma kuliko kipande kibichi, na tangawizi iliyochemka kwenye supu saa mbili haikupigi kama iliyotwangwa sasa hivi.

Wahindi waliliona hili kabla ya maabara. Kwa Kihindi, mbichi ni adrak na kavu ni sonth. Wao wana maneno mawili, sisi tuna moja, tena tumeligawia soda.

Wamaasai wenyeji wa hapa nao hawachanganyi. Katika supu ya mifupa hutia magome au mizizi ya olkiloriti, mti wa miiba wa nyika hii, ili nyama ishuke vizuri tumboni. Supu huwa chungu, si ya kuwasha, na kitu kinaitwa kwa jina lake. Hakuna mzee wa Kaputiei atakayetumwa olkiloriti akarudi na chupa.

Soma mstari wa nyuma

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Kenya ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuweka kwenye chakula lebo inayopotosha kuhusu asili, thamani au ubora wake. Kanuni za lebo zinazotumika kimataifa, ambazo viwango vya Afrika Mashariki hufuata, zinataka viungo viorodheshwe kwa uzito: kilicho kingi kitangulie, kilicho kidogo kifuate.

Kanuni hiyo ndiyo miwani ya mnunuzi. Geuza pakiti ya majani ya chai, biskuti au unga wa viungo iliyoandikwa tangawizi mbele kwa herufi kubwa. Tafuta neno hilohilo nyuma, kwenye herufi ndogo. Likiwa la kwanza au la pili, umenunua tangawizi. Likiwa la mwisho, umenunua harufu. Lisipokuwepo kabisa, na badala yake pameandikwa ladha tu, umenunua jina.

> Likiwa la kwanza, umenunua tangawizi. Likiwa la mwisho, umenunua harufu.

Kwenye vijikaratasi vya sokoni visivyo na lebo, miwani hiyo haisaidii. Hapo tumia ya bibi zetu: nunua kavu nzima, usage mwenyewe.

Neno la kuongeza

Siombi tangawizi irudishwe kwenye gunia na ifungiwe huko. Neno lililovuka bahari na kupanda hadi Kinshasa halitazuiwa na makala ya gazeti. Ninachoomba ni kidogo: anayeuza aseme ipi, na anayenunua aulize ipi. Kiswahili kinatupa maneno ya kutosha bila kukopa jinja ya menyu. Tangawizi mbichi. Tangawizi kavu. Tangawizi ya unga. Soda ya tangawizi. Neno moja zaidi, na koo la mtu linapona.

Jumamosi iliyofuata mafua yalikuwa bado hayajaisha. Nilimtuma mtoto yuleyule, na noti nyingine ya shilingi 50, lakini safari hii nilimwambia: "Niletee tangawizi mbichi, fungu moja, kutoka kwa mama wa vitunguu." Alirudi na fungu, na chenji ya shilingi 30.